Kuta za Kasongo na Kabambare

Atakaye kuisimulia tarikhi ya kusini mwa Maniema, huko mashariki mwa Kongo, aghalabu huanza na misafara ya pembe za ndovu, akaendelea na vita, akamalizia na dhahabu. Nami sina hoja ya kumpinga, maana mambo hayo matatu ndiyo yaliyoijenga nchi hiyo na ndiyo yaliyoibomoa. Illa yako mambo ya nyumbani yaliyopita pembeni mwa hayo makubwa pasipo kuandikiwa kitabu, na mojawapo ni habari ya ukuta: umejengwa kwa nini, umepakwa nini, na yule anayeukwangua ili autengeneze upya huvuta nini puani. Katika habari hii ndimo madini ya risasi, ambayo kwanza yaliingia Maniema kwa mtutu wa bunduki, yalipopata njia ya pili, ya upole zaidi na ya kudumu zaidi, nayo ni kopo la rangi.

Kabambare ulikuwa kituo katika njia iliyotoka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapenya nchi ya Wabangubangu hata kuufikia mto Lualaba penye Kasongo na Nyangwe. David Livingstone alifika huko mwaka 1869, akauandika mji kwa jina la Bambarre, na mwaka uliofuata vidonda vya miguu vikamzuia hapo miezi mingi. Henry Stanley naye akapita mwaka 1876. Wakati huo Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye ulimwengu humjua zaidi kwa jina la Tippu Tip, alikuwa amekwisha kuufanya Kasongo kuwa makao yake, na kandokando yake wakaja watu wa pwani na wafuasi wao, hao walioitwa Waungwana, wakapanda mpunga na michungwa, wakafundisha Kurani, na kuieneza lugha hii ambayo hata leo ndiyo isemwayo sokoni na nyumbani.

Wako wanaodhani kwamba nyumba ya pembe nne nayo ililetwa na watu wa pwani. Sivyo. Livingstone, aliyeziona nyumba za Wamanyema kabla hazijavurugwa sana, aliandika kuwa zilikuwa za pembe nne, zimepangwa kwa safu, na kuta zao ni za udongo ulioshindiliwa. Tena njia za vijiji zilielekezwa mashariki na magharibi ili jua lipate kuukausha unyevu upesi baada ya mvua. Hii ni hekima ya watu walioijua nchi yao, nchi yenye mvua nyingi na msitu wenye kutoa ukungu kila asubuhi. Walichokiongeza watu wa pwani ni ukubwa, baraza, na milango ya mbao iliyochongwa kwa ustadi. Udongo ulibaki ule ule.

Na ukuta wa udongo una desturi yake. Husimamishwa nguzo, hufungwa fito kwa kamba za porini, kisha potopoto, yaani udongo uliolowekwa na kukanyagwa kwa miguu hata ukalainika, hujazwa katikati na kukandikwa kwa viganja vya mikono. Kazi haiishi siku nyumba inapokamilika, maana mvua huukwangua ukuta na jua huupasua, hivyo kila kiangazi, mvua zikisha kukatika, wenye nyumba huchota udongo upya, wakaziba nyufa, wakalainisha uso wa ukuta kwa maji na, mahali panapopatikana udongo mweupe, wakaupaka juu yake. Sisemi kwamba nyumba hiyo ilikuwa pepo. Nyufa zake ni makao ya papasi, na homa ya papasi imewaua wengi katika njia ile ya misafara. Sakafu yake huzaa funza. Lakini mtu aliyeutengeneza ukuta huo aliutengeneza ukiwa umelowa, vumbi lake halikupaa, na kilichodondoka chini kilikuwa ni udongo uliochimbwa hatua chache kutoka mlangoni. Mtoto aliyekula kombo la ukuta, na watoto hula, alikula udongo.

Tarehe 22 Aprili 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo, yakiongozwa na Francis Dhanis, yaliutwaa mji wa Kasongo kutoka kwa Sefu, mwana wa Tippu Tip. Daktari Sidney Hinde, Mwingereza aliyekuwa katika jeshi hilo, aliandika kwamba Kasongo ulikuwa mzuri kuliko hata Nyangwe, na alistaajabia mashamba, samani, na zaidi ya yote ghala za baruti, fataki na risasi za kila namna ya bunduki. Mwanzoni mwa 1894 ikawa zamu ya Kabambare, Rumaliza, mkuu mwingine wa watu wa misafara, aliposhindwa; na miaka michache baadaye, mwaka 1898, askari wa Dola hiyo hiyo walioasi wakauteka mji huo tena kutoka kwa mabwana wao. Huko ndiko kuingia kwa kwanza kwa risasi Maniema: iliyotupwa, iliyobaki miilini, iliyookotwa na kuyeyushwa upya. Makao ya zamani ya Kasongo, ambayo sasa huitwa Tongoni, yaliachwa, mji ukahamishwa, na katika miaka yetu hii wachimbuaji wa mambo ya kale wamefukua huko misingi ya nyumba za zama za Waungwana. Udongo umerudi kuwa udongo.

Utawala mpya haukuridhika na udongo. Vituo vya serikali, misheni za Mapadri Weupe, nyumba za mawakala wa biashara na, baada ya reli kufika Kongolo kutoka Kindu katika miaka ya kabla ya vita vya 1914, majengo ya stesheni na maghala, vyote vilitaka matofali ya kuchoma, saruji, madirisha ya mbao na mabati, ambayo watu wa huko huyaita manjanja. Na mbao na chuma havidumu katika hewa ile ya unyevu pasipo kupakwa rangi. Hapa yafaa nieleze rangi ya zama zile ilikuwa kitu gani, kwa sababu kizazi cha leo hudhani rangi ni rangi tu.

Rangi nyeupe iliyopendwa kuliko zote ilitengenezwa kwa risasi iliyogeuzwa kuwa unga kwa siki na hewa, kisha ikachanganywa na mafuta ya kitani. Sifa zake zilikuwa za kweli: ilishika vizuri, ilifunika vizuri, haikupasuka upesi, na ilivumilia mvua. Chuma nacho, kuanzia madaraja na mabehewa hata mashua za mtoni, kilipakwa kwanza rangi nyekundu, nayo vilevile ni risasi, kwa kuwa hakuna iliyozuia kutu kuliko hiyo. Aliyenunua hakudanganywa mintarafu ubora wa bidhaa. Alichofichwa, au alichokuwa hajaambiwa bado, ni kwamba rangi hiyo ikisha kuzeeka hugeuka unga, na unga huo hushuka sakafuni, huganda mikononi mwa mtoto anayetambaa, na kutoka mikononi huingia kinywani. Mwili wa mtoto huipokea risasi kana kwamba ni chokaa ya mifupa, ukaiweka akiba mifupani kwa miaka, na sehemu yake huuendea ubongo, ambako huharibu uwezo wa kujifunza na kujizuia. Mwanamke aliyeipokea utotoni huweza kumpitishia mwanawe tumboni.

Wala si kwamba jambo hili lilikuwa siri. Mwaka 1904, huko Queensland katika Australia, tabibu wa macho aitwaye John Lockhart Gibson alichapisha maelezo kwamba watoto aliowatibu walisumishwa na rangi ya vizuizi vya baraza na kuta za vyumba vyao. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba wa kukataza rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo, na Ubelgiji, ndiyo iliyokuwa ikiitawala Kongo wakati huo, iliuridhia mwaka 1926. Msomaji auangalie vema Mkataba huo, maana una mambo mawili yenye kufundisha. La kwanza ni kuwa uliwatazama wapakaji rangi, ukawakataza wanawake wote na vijana wa kiume walio chini ya miaka 18 kuifanya kazi hiyo viwandani, wala haukumtazama mtoto aliyelala katika chumba kilichokwisha kupakwa. La pili ni kuwa uliacha mlango wazi kwa stesheni za reli na majengo ya viwanda, pale ilipoonekana kuwa rangi hiyo ni ya lazima. Basi ni majengo gani makubwa yaliyojengwa katika bonde la Lualaba katika enzi hiyo, kama si ya reli na ya makampuni? Sheria iliyotungwa kwa ajili ya vyumba vya Brussels ilibakiza tundu lenye ukubwa wa koloni.

Yatosha kusema juu ya enzi hiyo kwamba mpakaji Mwafrika, aliyekwangua mbao za zamani kwa msasa mkavu bila kitambaa puani, hakuhesabiwa katika daftari yoyote ya wagonjwa wa risasi. Uhuru ukaja mwaka 1960, na nyumba zile zikabadili wenyewe. Nyumba ya msimamizi wa wilaya ikawa ofisi ya wilaya. Ghala likawa darasa. Bweni la misheni likawa wodi. Vita vya Simba vya 1964, kisha vita vilivyoanza 1996 na vile vya 1998, vilizipitia nyumba hizo kwa moto na kwa unyang'anyi, na kati ya vita na vita zilikaa bila kutengenezwa, rangi ikajikunja na kudondoka yenyewe dirishani. Utakapofika wakati wa ukarabati, na hufika kila palipo na utulivu kidogo na mfadhili mwenye fedha, kazi ya kwanza anayopewa kijana wa mtaani ni kukwangua.

Huko Marekani, ambako rangi ya risasi ilikatazwa majumbani mwaka 1978, serikali ilitambua kwamba katazo halikuiondoa rangi iliyokwisha kupakwa, na kwamba fundi anayetengeneza nyumba ya zamani huweza kumdhuru mtoto kwa vumbi analolipandisha. Kwa hiyo, kuanzia tarehe 22 Aprili 2010, mafundi wanaofanya kazi kwa malipo katika nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 walilazimishwa kufunzwa na kupewa hati. Masharti yenyewe si ya ajabu. Jengo la zamani lichukuliwe kuwa lina risasi mpaka lipimwe. Watoto na wajawazito watoke. Sakafu ifunikwe kwa turubai la plastiki, milango izibwe. Rangi isichomwe kwa moto wa wazi, wala isisagwe kwa mashine isiyo na kinasa vumbi. Ukuta unyunyiziwe maji kabla ya kukwanguliwa. Jioni takataka zifungwe, na mahali papigwe deki kwa kitambaa kilicholowa, si kwa ufagio mkavu.

Nilipoyasoma masharti hayo sikuweza kujizuia kumkumbuka mama wa Kabambare akiwa na karai lake la potopoto. Kulowesha, kutopandisha vumbi, kuondoa kilichodondoka kabla ya jua kuchwa: haya yote alikuwa akiyafanya, kwa sababu udongo mkavu haukandikiki. Simsifu kwa elimu ya kemia ambayo hakuwa na haja nayo. Nasema tu kwamba fundi wa Kasongo akiambiwa aloweshe ukuta kabla ya kuukwangua haambiwi jambo geni la wazungu, bali anarudishiwa kawaida ya nyanya yake, ambayo msasa na saruji vilimwachisha.

Sumu, hata hivyo, haikukomea ukutani. Petroli yenye risasi ilichomwa katika barabara za Afrika hata mwanzoni mwa 2006, ndipo nchi za kusini mwa Sahara zilipoiacha zote. Mahali pasipo waya za umeme, kama palivyo sehemu kubwa ya wilaya hizi mbili, taa, redio na simu huishi kwa mionzi ya jua na betri, na zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi. Betri ikifa huvunjwa uani, asidi ikamwagwa, risasi ikayeyushwa katika sufuria ili kupata timbi za nyavu na marisau ya bunduki za kienyeji, na sufuria hiyo, Mungu apishe mbali, pengine ikarudi jikoni.

Na huko Salamabila, kaskazini ya wilaya ya Kabambare, iko Namoya na dhahabu yake, ambayo Wabelgiji waliichimba, kisha ikaachiwa wachimbaji wadogo wenye sururu na karai, kisha mwaka 2016 mgodi mkubwa wa kampuni ya Banro ukaanza uzalishaji wa kibiashara, ukasimama mwaka 2019 katikati ya mashambulizi na utekaji wa wafanyakazi. Mgodi wa namna hiyo hutenga dhahabu kwa sianidi. Mchimbaji mdogo hutumia zebaki, akaikamata nayo dhahabu iliyo unga, kisha akaichoma juu ya makaa ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Inapopaa haiendi mbali. Huvutwa na yule aliyeinama juu ya jiko, hutua juu ya paa na uani, na mvua huishusha mitoni, ambako hugeuka kuwa sumu ipandayo kutoka kwa samaki mdogo hadi mkubwa, na kutoka kwa samaki hadi sahani.

Juu ya kusafisha mahali palipokwisha kuharibika, Afrika imepata mafunzo ya uchungu. Huko Kabwe katika Zambia mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994 baada ya takriban miaka 90, na watoto waliozaliwa baada ya kufungwa kwake wameendelea kukutwa na risasi damuni, maana mashimo yalifungwa lakini vumbi halikufungwa. Huko Owino Uhuru, Mombasa, palipokuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ukutani mwa nyumba za maskini, Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, alimkuta mwanawe ameingiwa na risasi, akaanza kupigana. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikapandishwa kwa rufaa.

Funzo kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, lilitoka Zamfara, kaskazini mwa Nijeria. Mwaka 2010 mamia ya watoto walikufa huko baada ya wazazi wao kusaga nyumbani mawe ya dhahabu yaliyokuwa na risasi ndani yake. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa na dawa ya kuitoa risasi mwilini, lakini walishikilia neno moja: hawatamtibu mtoto anayerudi kulala katika ua ule ule wenye sumu, kwa kuwa dawa ingekuwa kazi bure. Hivyo ua ulisafishwa kwanza. Wanakijiji wenyewe, wakiongozwa na mafundi wa kazi hiyo, walikwangua tabaka la juu la udongo uani na vyumbani, wakalizika mahali palipotengwa, wakaleta udongo safi na kuushindilia. Kijiji cha Bagega kilingoja zamu yake hata 2013, fedha za serikali zilipotoka. Chombo chao kikuu kilikuwa jembe. Mtu wa Maniema hahitaji kufundishwa kazi hiyo mara mbili.

Sheria hazikukosekana Kongo. Iko sheria ya kanuni za msingi za hifadhi ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011, na iko Kanuni ya Madini ya 2002 iliyorekebishwa Machi 2018, ambayo humtwika mwenye hati ya mgodi wajibu wa kufidia madhara ya watu na mazingira hata pasipo kuthibitishwa kosa lake. Ni maneno mazuri, na wakili hodari angeweza kuyatumia. Lakini mwenye hati ana jina na anuani. Ukuta wa msimamizi wa mwaka 1930 hauna wa kushtakiwa, na jiko la zebaki la mchimbaji mdogo lina mwenyewe aliye maskini kuliko mlalamikaji. Hapo ndipo sheria ya fidia inapokoma na kanuni ya kazi inapoanza.

Na Kasongo una jambo moja ambalo miji mingine ya Kongo haina. Kuanzia mwaka 1971 mji huo uliendesha, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Antwerp, mradi wa afya ambao matabibu wa dunia nzima waliusoma, kwa sababu ulihesabu watoto kwa uangalifu wa ajabu, mmoja mmoja, aliyezaliwa, aliyechanjwa, aliyefariki. Mwaka 1981 watu wa mradi huo walithubutu kuuliza katika jarida la The Lancet iwapo chanjo ya surua humwokoa mtoto kweli au humbadilishia tu ugonjwa wa kumwua. Jawabu lao lilipingwa baadaye na watafiti wengine, lakini hakuna aliyepinga kuwa walihesabu. Mahali palipowahi kuulizwa swali zito namna hiyo, si makuu kuuliza kuna risasi kiasi gani katika damu ya watoto wanaosoma katika majengo ya zamani, au zebaki kiasi gani katika mkojo wa vijana wa Namoya. Tone la damu la kidoleni latosha kuanza, na Shirika la Afya Duniani limekwisha kutaja kiwango, mikrogramu 5 katika desilita moja, ambacho kikifikiwa chanzo lazima kitafutwe na kuondolewa.

Kwa hiyo nawaomba wenye dhamana, kuanzia maofisa wa wilaya na maparoko hadi wakuu wa shule na wafadhili wao: kabla hamjanunua hata kopo moja la rangi mpya, tengeni fungu la kuipima ile ya zamani, na ikiwa haikupimwa, iloweshwe, watoto wakae mbali, vumbi lipigwe deki, na mabaki yazikwe mbali na kisima.